Kaburi la Baba Apolonia

Mtu akipelekwa kule, hata akirudi mzima, watu wa Ihimbo humpokea nusu. Humpa salamu, humpa ugali, lakini heshima yake hawamrudishii. Liberatus alirudi kutoka kule mwaka wa hamsini na tano. Alishuka kwenye lori pale njia panda ya kwenda Iringa mjini, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, akawasalimu wauza vitunguu, "Kamwene." Wale wanawake waliitika vizuri tu, kisha wakawavuta watoto wao karibu.

Kule kwenyewe ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali, safari ya kulala njiani. Hakuna aliyeitaja kwa jina lake. Liberatus alipelekwa kwa sababu surua ilimchukulia watoto wawili katika juma moja, naye akaenda misheni akapiga kengele ya kanisa mchana kutwa, akiwaita watu waje wazike watoto waliokwisha kuzikwa. Wakamfunga kamba. Huko alilala, akanywa dawa, akalima bustani ya hospitali, akapona. Ndiyo habari yote. Wapo wengine pale kijijini waliofiwa vivyo hivyo na mioyo yao ikapasuka vivyo hivyo, ila wao walilia kimyakimya, wakasifiwa kwamba ni wavumilivu.

Tangu arudi hapakuwa na jambo aliloweza kufanya likabaki kuwa jambo tu. Akicheka, imeanza. Akinyamaza, imemrudia. Siku moja alimkemea mbuzi aliyeingia kwenye mahindi, kama mkulima yeyote duniani angemkemea, na mkewe Tekla akaingia ndani akaficha shoka. Kisu cha kugemea ulanzi kilikaa kwa kaka yake Kalinga. Kila asubuhi Liberatus, mtu mzima mwenye mvi, alikwenda kukiomba, na kila jioni alikirudisha na kungoja kikaguliwe.

Na kugema ulanzi ni kazi inayotaka akili iliyotulia. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, kipande chembamba kama ukucha. Ukikata sana linakufa, ukisahau linakauka, na ile mbeta uliyoifunga kukinga utomvu inabaki tupu. Liberatus hakuua chipukizi hata moja. Lakini nani anywe pombe ya kichaa? Basi Tekla aliupeleka ulanzi sokoni akasema ni wa shemeji yake. Wanywaji wakasifu kwamba Kalinga ana mkono mzuri, na Kalinga akasifiwa.

Yote hayo Liberatus aliyavumilia. Lililomkaa rohoni lilikuwa moja, binti yake Apolonia, mtoto pekee aliyembakia. Mwalimu mmoja wa jirani alikuwa amekwisha kumposa, akaambiwa habari za baba, akarudi nyuma bila hata kuaga.

* * *

Kalinga alileta habari siku ya Jumatano, ameketi kwenye kigoda cha mwenye nyumba kama alivyozoea siku hizi.

"Wale watu wa Mbeya wanakuja Jumapili," alisema. "Mshenga wao, mzee Mika, na shangazi wa yule kijana. Wanatoka Uyole."

Kijana aliitwa Asukile. Alikuwa fundi wa magari huko Iyunga, na masika iliyopita lori alilopanda lilikwama matopeni karibu na misheni, akakaa siku tatu akingoja chuma kutoka Mbeya. Siku tatu zilimtosha kumwona Apolonia na kumpenda. Hakujua lolote juu ya ukoo, na ndiyo maana wazee wake walikuwa wanakuja kujua. Kwa watu wa nyanda hizi posa haianzi na mahari. Huanza na kuchunguza. Wageni huketi, hula, na katikati ya mazungumzo huuliza kama kwenu kuna ukoma, kifafa, uchawi au wazimu.

"Nitavaa lile koti la kijivu," Liberatus alisema.

Apolonia alikuwa anapepeta mahindi mlangoni, akainamisha uso.

"Baba Apolonia," Tekla alianza, "sisi tulifikiri..."

"Tulifikiri ukae kwenye kibanda cha ulanzi," Kalinga alimalizia. "Kwa saa chache tu. Nitawaambia umesafiri."

"Kwani nikikaa nao nitafanya nini, kaka?"

"Hutafanya kitu. Najua. Lakini watatoka hapa, watauliza njiani, 'Yule baba mtu tuliyemwona, sifa zake zikoje?' Na watu watawaambia. Asiyeonekana haulizwi."

Liberatus alimtazama binti yake. "Mama, wewe unasemaje?" Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

Apolonia aliendelea kupepeta, ingawa ungo ulikuwa hauna kitu tena. "Mimi nampenda Asukile, baba," alisema. Hakusema zaidi, na kwa kweli hapakuwa na zaidi.

"Basi nitakaa kibandani," Liberatus alisema.

* * *

Jumapili hiyo ilikuwa sikukuu kubwa misheni, na Kalinga aliichagua makusudi ili majirani wasiwepo. Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Mzee Mika alikuwa mrefu, mpole, mwenye mwavuli mweusi. Shangazi Lusia alikuwa mfupi, mwenye macho yanayohesabu kila kitu. Kalinga aliwapokea kwa maneno mengi. Nyuma ya nyumba kibanda cha ulanzi kilikuwa kimefungwa kwa kamba, nje. Hilo la kamba hawakuwa wamekubaliana. Tekla alikwenda kuifunga mwenyewe dakika ya mwisho, na Liberatus akaisikia ikikazwa.

Kibanda kilikuwa cha mianzi, na mianzi haikutani vizuri. Aliona yote na kusikia karibu yote.

Walikula kuku. Walikunywa ulanzi. "Huu ni mzuri," mzee Mika alisema. "Kwetu hatuna kitu hiki. Anagema nani?"

"Mimi mwenyewe," Kalinga alisema.

Kisha Lusia akafuta midomo kwa ncha ya kanga. "Sasa jamani, msituone vibaya. Tunauliza ya kawaida. Huko Uyole kuna watu walioa bila kuuliza, leo wana mjukuu anaanguka kifafa kila mwezi mwandamo. Hapa ukoma upo?"

"Hakuna, shangazi."

"Kifafa?"

"Hakuna."

"Kuna mtu yeyote wa ukoo aliyepata kuharibikiwa akili?"

"Sisi?" Kalinga alicheka. "Hata mlevi wa kudumu hatuna."

"Na baba wa binti? Mbona hatumwoni?"

Hapo ndipo Kalinga alipopaswa kusema amesafiri. Ndiyo yaliyokuwa makubaliano. Lakini aliyaona macho ya Lusia, akaona kwamba msafiri hurudi, na kwamba mama huyu atauliza amekwenda wapi, kwa kazi gani, lini atarejea, na wao waje tena siku hiyo. Akaamua kulimaliza jambo hilo moja kwa moja.

"Ndugu yangu ni marehemu," alisema. "Alikufa mwaka juzi. Homa."

Tekla aliachia sahani. Haikuvunjika, ilikuwa ya bati, ikazunguka chini kwa kelele mpaka ikatulia. Wageni walidhani ni uchungu wa mjane.

"Pole, mama," mzee Mika alisema kwa sauti ya chini. "Pole sana. Na wewe ndugu, umefanya kazi kubwa kulea mjane na yatima. Si wote wanaofanya hivyo."

"Tunajitahidi," Kalinga alisema.

Mambo yangeweza kuishia hapo kama wageni wangekuwa watu wabaya. Lakini walikuwa watu wenye adabu. Mzee Mika alisimama, akachukua kofia yake.

"Basi tupelekeni alipolala," alisema. "Hatuwezi kumchukua binti bila kumpigia hodi baba yake. Tukamsalimu, tukasali kidogo, ndipo tuzungumze."

Kalinga, mtu aliyezaliwa na kukulia hapo, aliyepiga hodi kwenye makaburi ya watu wengine mara nyingi kwa posa za ukoo wake, hakuwa amelifikiria hilo. Akatangulia kwenda shambani, kwa kuwa miguu ilibidi iende mahali.

Pale kando ya mianzi palikuwa na makaburi mawili, madogo, yenye misalaba midogo. Hakuna mtu mzima ambaye angeenea humo, na Lusia alikuwa na macho. Kalinga alipita makaburi hayo. Mbele yake kulikuwa na tuta la viazi lililovunwa juma lile, refu, udongo wake bado umetifuka. Liberatus alilima tuta hilo kwa mikono yake.

"Hapa," Kalinga alisema.

"Hakuna msalaba?" Lusia aliuliza.

"Mchwa. Mchwa wa huku ni balaa. Tumeagiza mwingine kwa seremala."

Wakapiga magoti. Mzee Mika alivua kofia, akaongea na tuta lile kwa heshima kubwa. Alilieleza kwamba Asukile ni kijana wa kazi, hanywi kupita kiasi, na kwamba binti atatunzwa. Lusia akaanzisha Salamu Maria, na Kalinga akaitikia kwa sauti kuliko wote. Tekla alipiga magoti mbali kidogo, kanga imefunika uso. Apolonia alitazama udongo, kisha akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, mabega yakimruka, mpaka Lusia akamkumbatia, akasema, "Lia, mwanangu. Baba ni baba."

Kibandani, Liberatus aliona. Aliona watu watano wamepiga magoti kwenye viazi vyake wakimwombea pumziko la milele. Kitu kilimpanda kifuani, akashindwa kujua kama ni kicheko au ni kilio. Chochote kingalitoka, kingalimharibia mtoto. Alivua koti lile la kijivu, maana alikuwa amelivaa hata hivyo, akalisukumiza kinywani, akauma. Alikaa hivyo mpaka sala ikaisha na wageni wakarudi barazani. Sijui ni mzima gani pale Ihimbo angeweza.

* * *

Wageni waliondoka na lori la jioni wakiwa wameridhika. Lusia alimvisha Apolonia shanga shingoni. Mzee Mika alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akasema watarudi baada ya Pasaka kuleta mahari, na harusi itafungwa Mbeya.

Apolonia ndiye aliyekwenda kufungua kamba. Hakuweza kumtazama baba yake.

"Nisamehe, baba."

"Ulilia vizuri," Liberatus alisema.

"Sikuwa naigiza."

"Najua. Nilikusikia."

Alichukua mbeta, akamwomba Kalinga kisu, kwa kuwa saa ya kukata ilikuwa imepita na machipukizi yalikuwa yanakauka. Kalinga hakukitoa.

"Subiri kwanza, mdogo wangu. Keti. Hawa watu watarudi. Wameniuliza habari za njia, wana jamaa yao dereva anapita hapa kila juma. Marehemu hawezi kuonekana juu ya mwanzi."

"Ni wewe uliyesema nimekufa. Tulikubaliana nimesafiri."

"Ilinitoka."

"Basi ningetoka nje. Ningewasalimu tu, nikasema, mimi ndiye baba wa Apolonia, kaka yangu amekosea."

"Ungetoka wapi?" Kalinga aliinua sauti. "Ungetoka kwenye kibanda kilichofungwa kamba kwa nje! Nani anafungiwa na kamba kama si kichaa?"

Liberatus alifikiri. "Sasa kaka, nilifungiwa kwa kuwa mimi ni kichaa, au mimi ni kichaa kwa kuwa nilifungiwa?"

Kalinga alimgeukia Tekla. "Unaona, shemeji? Maneno ya namna hiyo. Hayo ndiyo tunayoyaogopa."

Tekla alikuwa anaosha masufuria. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ulikuwa umechoka. "Baba Apolonia," alisema bila kugeuka, "ile posa ya kwanza ilivunjika. Hii ni ya pili. Hakuna mtu atakayekuja mara ya tatu."

"Niondoke mpaka harusi?"

"Mpaka harusi," Tekla alisema haraka.

Lakini Liberatus hakuwa mjinga, na akili yake ilifanya kazi vizuri kuliko walivyopenda. "Na baada ya harusi? Watapata watoto. Watoto watataka kuja kwa bibi yao. Nitakuwa nani?"

Masufuria yaligongana kwenye beseni. Hakuna aliyesema mpaka harusi tena, na hakuna aliyesema neno jingine mahali pake. Apolonia alikimbilia ndani.

Asubuhi Tekla alimfungia viazi vya kuchemsha na blanketi. Alimsindikiza hadi nyuma ya mianzi tu, wasije wakaonekana. Pale alimshika mkono, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu arudi kutoka kule.

"Una kinyongo nami?" aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali ungesema ndiyo," Tekla alisema, akarudi nyumbani mbio.

* * *

Mbeya hakuweza kwenda, ndiko kwa wakwe. Iringa mjini wote wanamjua. Alikwenda kwenye mashamba ya chai, akachuma majani kwa juma moja na zaidi, na mnyapara akamsifu kwa mikono yake myepesi. Kisha akaja mtu wa Ihimbo kutafuta kazi. "He! Na huyu mnampa kisu cha kupogolea?" alisema, na kesho yake mnyapara alimwita pembeni, akamlipa, akamwambia kwa upole kwamba yeye hana ubaya ila wenzake hawalali. Liberatus hakubishana. Alikuwa amejifunza kwamba ukibisha unathibitisha.

Palibaki mahali pamoja tu. Kule kulikuwa na bustani aliyoilima mwenyewe, na wauguzi waliompa jembe bila kumchunga. Alikwenda kuomba kazi. Siku zote mbili garini alipanga maneno yake.

Mwuguzi aliyekuwa langoni aliitwa Matano, mtu wa pwani, kofia ya kufuma kichwani. Alimtambua mara moja, uso ukamng'aa.

"Liberatus! Karibu, bwana. Umekuja kututembelea?"

"Nimekuja kuomba kazi. Kulima, kufagia, kuchota maji. Chochote."

"Kazi? Toka Iringa yote hiyo? Huko nyumbani je, hakuna shamba?"

Liberatus alikuwa amechoka, na yule mtu alikuwa amemwita kwa jina lake na kumchekea vizuri. Akamwambia ukweli. "Nyumbani nimekufa."

Matano aliacha kutabasamu. "Umekufa?"

"Kaka yangu aliwaambia wageni nimekufa. Wakaja kusali kaburini. Kaburi lenyewe ni tuta la viazi, nililima mimi. Niliwaona."

"Uliwaona wakisali kwenye kaburi lako."

"Nilikuwa kibandani. Mke wangu alinifungia kwa kamba."

Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ya Matano ilivyozidi kuwa laini, ile sauti Liberatus aliyoijua sana, ya kumwongelesha mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima. Matano alimketisha kwenye benchi, akamletea maji.

"Sikiliza ndugu yangu. Tutamwandikia mkeo barua. Yeye au kaka yako aje atueleze ilikuwaje. Akithibitisha, mimi mwenyewe nitakuombea kazi kwa daktari."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuaminiwa, na Liberatus aliiona mpaka mwisho wake. Barua ingekwenda misheni. Katekista angeisoma kwa sauti, kama alivyosoma barua zote za wasiojua kusoma. Ingekuwa na muhuri wa kule. Kabla ya Pasaka habari ingekuwa Uyole, na shangazi Lusia angekuja kuzichukua shanga zake.

"Usiandike," alisema. "Sina mke."

"Tekla je? Si ndiye aliyekuja kukuchukua? Nilimpa uji mwenyewe, pale pale ulipokaa."

"Si mke wangu. Yule ni mjane."

"Na kaka?"

"Sina."

Matano alimshika bega. "Na yule binti? Ulikuwa ukinitajia kila siku, mpaka wenzako wakakutania. Apolonia. Huyo naye humkumbuki?"

Liberatus alitazama bustani. Mtu mwingine alikuwa ameipanda kabichi, na mistari yake haikunyooka.

"Sina mtoto," alisema.

Matano alimpungia mkono mwenzake wa zamu aliyekuwa dirishani. Yule akatoka na suruali na shati la kaniki la wagonjwa, akampa Liberatus, ambaye alizipokea nguo hizo bila kuuliza. Wale wawili walisogea kando, lakini Matano hakujua kunong'ona.

"Namjua huyu," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Masikini wa Mungu. Na alikuwa amepona kabisa."

Liberatus alisikia. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ile aliposhuka njia panda, kwa mke, kwa kaka, hata kwa mpita njia, na hakuna aliyewahi kulisema. Alilisikiliza vizuri, kisha akaanza kufungua vifungo vya shati lake.